Tupeane uzoefu: matangazo na tovuti zilizokufuata hata baada ya kuzifunga

Kitunguu Saumu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kati nilikuwa natafuta friji. Nikaingia duka moja la mtandaoni, nikaangalia ya milango miwili, nikaona bei, nikafunga nikaenda zangu. Tangu hapo friji ile ile, rangi ile ile, naikuta kwenye gazeti ninalosoma asubuhi, kwenye tovuti ya matokeo ya mpira, hadi kwenye mapishi anayofungua mke wangu kwa simu yake. Friji nilishanunua Kariakoo kwa mtu ninayemfahamu. Tangazo halina habari, bado linanibembeleza.

Najua zinazofanya haya ni kuki, zile kumbukumbu ndogo za maandishi ambazo tovuti inaziacha kwenye brauza yako ili ukirudi ikutambue. Darasa la hilo lipo kila mahali. Hapa nataka visa vyenu: ilikutokeaje, uligunduaje, ukachukua hatua gani. Na wale wa upande wa pili, mnaotengeneza tovuti na kupanga matangazo, njooni mseme ukweli. Majina ya kampuni zilizowakera msitaje, tusije tukafungiwa uzi.

Fundi Wavuti

Mimi ndiye huyo wa upande wa pili. Natengeneza tovuti Arusha, nyingi za hoteli na za watu wa safari. Mteja akishamaliza kubishana nami kuhusu rangi ya nembo, anachodai kinachofuata ni kimoja: "Niwekee na ile ya Facebook." Ile ni pikseli, mistari michache ya msimbo wa programu unayoibandika kichwani mwa kila ukurasa. Mgeni akifungua ukurasa, brauza yake inapeleka taarifa Facebook bila yeye kubonyeza chochote.

Ukitaka kuiona kwa macho yako, kaa kwenye kompyuta, fungua duka lolote la mtandaoni, bonyeza F12, nenda sehemu inayoonyesha mawasiliano ya mtandao, kisha pakia ukurasa upya. Wewe umeomba ukurasa mmoja tu, ila utaona orodha inashuka kama mvua: Google, Facebook, na majina ambayo hujawahi kuyasikia. Tafuta mstari wenye facebook.com/tr, halafu soma kipande kinachoanza na dl=. Hiyo ni anwani kamili ya ukurasa uliopo. Ukifungua orodha ya kuki utakuta _fbp, ambayo huwekwa ikae siku 90, na _ga ya Google, ambayo kwa kawaida huwekewa miaka 2.

Kwenye duka la viatu mimi sioni neno. Kisa changu ni kingine. Nilipewa kazi ya kurekebisha tovuti ya kituo kimoja cha afya. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameibandika pikseli kote, mpaka ukurasa wa kuweka miadi. Nikafungua F12, nikajifanya mgonjwa, nikachagua kliniki. Nikatazama dl=, na jina la kliniki limo ndani ya anwani, linasomeka vizuri kabisa. Yaani mtu akichagua kliniki ya uzazi au ya afya ya akili, habari imeshatoka nje kabla hajaandika hata herufi ya kwanza ya jina lake. Na kama simu hiyo hiyo ina akaunti yake ya Facebook, kumtambua si kazi ngumu.

Hakuna aliyekusudia ubaya pale. Walitaka kujua tangazo limeleta wagonjwa wangapi, basi. Lakini Marekani mwaka 2023 mamlaka yao ya biashara, FTC, iliibana GoodRx, kampuni ya punguzo la dawa, kwa mambo ya namna hii hii, ikakubali kulipa dola milioni 1.5. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya BetterHelp, wale wa ushauri nasaha mtandaoni: dola milioni 7.8. Niliwatumia wenye kituo habari hizo mbili na picha ya ile dl=. Jibu lilikuja kabla sijamaliza chai: itoe.

Mama Vitenge

Fundi umenena, ila msituchafulie riziki. Mimi nauza madera na vitenge, na hiyo pikseli ninayo. Mtu ameangalia dera, ameliweka kwenye kikapu, mtoto kalia, kaacha. Jioni akikumbushwa, wapo wanaorudi. Kumtangazia aliyekwisha iona mali kunanigharimu kidogo kuliko kuitangazia Dar nzima, wakiwemo wanaume wanaotafuta tairi.

Tangu Apple walete lile swali kwenye iPhone mwaka 2021, kwamba unairuhusu programu hii ikufuatilie au hapana, wengi wanajibu hapana na mimi kujua dera lipi limeuzwa na tangazo lipi imekuwa ramli. Siwalaumu wanaokataa. Nawaambia tu kwamba mwisho wa huo mnyororo kuna mtu ana kodi ya fremu.

Na wewe wa friji, hapo wa kulaumiwa ni anayepanga matangazo ya duka lile. Kuna sehemu ya kuweka kikomo: mtu akishaliona mara kadhaa, mwache. Aliyenunua, mtoe kwenye orodha. Ila wewe umelipa taslimu Kariakoo, angejuaje?

Kitunguu Saumu

Hapo umenishika, mama 😂

Babu Kadeti

Mnazungusha maneno. Simu inasikiliza. Nilikaa na shemeji tukaongelea mabati, hata sikuandika popote. Usiku mabati haya hapa.

Fundi Wavuti

Babu, shemeji alikuwa kwako? Anatumia waifai yako?

Babu Kadeti

Ndiyo. Anajenga.

Fundi Wavuti

Basi yeye ndiye aliyeyatafuta mabati. Mkiwa kwenye waifai moja, kwa huko nje mnaonekana mnatoka anwani moja, na wanaouza matangazo wanapenda kubashiri kwamba nyie ni nyumba moja. Friji ya mleta uzi kumfikia mkewe huenda ni hivyo hivyo, au wameingia akaunti moja ya Google kwenye simu zote mbili. Hakuna haja ya kukusikiliza, Babu.

Mzee wa Steshenari

Matangazo kwangu si shida. Mimi kuki nazijua kwa aibu za watu.

Nina steshenari karibu na chuo, Tabora. Msimu wa maombi ya mikopo na ajira, mashine hazipoi. Kijana anafungua barua pepe, anachapisha cheti, analipa, anabonyeza kile kialama cha X juu pembeni, anaondoka akijua amefunga. Hajafunga kitu. Kuki ya kuingilia bado imo. Anakaa binti, anaandika anwani ya barua pepe, inafunguka ya yule kijana, yote, na barua za mchumba wake juu kabisa. Wastaarabu wananiita. Lakini ilifika siku wanachuo wawili wakakutana na ukurasa wa mtu ulioachwa wazi, wakaanza kuusoma kwa sauti, foleni yote inacheka, na mwenyewe ndiyo kwanza yuko mlangoni anakunja karatasi zake. Alisikia. Nilizima umeme wa mashine ile kwa mkono.

Kuanzia hapo nimeweka brauza ya Firefox kote, nimeiamuru ifute kuki na data za tovuti kila inapofungwa. Mteja akinyanyuka, naifunga mwenyewe. Wananung'unika, "Mzee, mbona inaniuliza nywila kila siku?" Namwambia hiyo nywila kaiandike, ndiyo salama yako.

Mwanaisha wa Likoni

Hamjambo. Yangu ni ya wizi.

Kaka yangu ana ukurasa wa biashara wenye wafuasi wengi, na alikuwa ameweka ulinzi wa hatua mbili, ule wa kutumiwa namba. Akaandikiwa barua pepe na watu waliojitambulisha kama kampuni ya vipodozi wanaotaka kumlipa awatangazie. Mkataba umeambatishwa. Anaufungua kwenye kompyuta, hauonyeshi kitu. Kufikia usiku ukurasa unatangaza pesa za kidijitali na picha yake imeondolewa. Hakuna namba aliyotumiwa, hakuna nywila iliyobadilishwa kwanza.

Tukauliza kwa mtu wa kompyuta hapa Mombasa. Akatueleza kwamba ule mkataba ulikuwa programu ya wizi, nayo haikuhangaika na nywila. Ilinakili kuki za brauza. Kuki ya kuingilia ni kama muhuri wanaokugonga mkononi ukumbini: mlinzi akiuona hakuulizi tena tikiti. Mwizi akiwa na nakala yake, anaingia kama wewe, na hatua zako mbili umeshazipita kwa niaba yake.

Tusijione washamba, maana Machi 2023 yaliwapata Linus Tech Tips, watu wa Kanada ambao kazi yao ni kompyuta na chaneli yao ya YouTube ilikuwa na wafuasi zaidi ya milioni 15. Mfanyakazi alifungua faili lililojifanya la udhamini, mambo yakawa yale yale.

Kilichosaidia: kutumia kifaa kingine kisicho na ugonjwa, kuingia kwenye mipangilio ya usalama na kuchagua kutoka kwenye vifaa vyote. Hapo ile nakala inakufa. Kubadili nywila kwenye kompyuta ile ile yenye programu ya wizi ni kumpa mwizi na hiyo nywila mpya.

Mpemba wa Rotterdam

Huku tuna balaa la aina nyingine: kuombwa ruhusa. Kila tovuti inakurukia na kibao, tunatumia kuki, kubali zote. Chimbuko lake ni agizo la Umoja wa Ulaya la 2002, likarekebishwa 2009 kwamba lazima uridhie kwanza, halafu GDPR, sheria yao ya ulinzi wa data ya Mei 2018, ikakaza maana ya kuridhia. Wajanja wakawa wanakuwekea alama ya tiki tayari. Oktoba 2019 mahakama ya Umoja wa Ulaya, kesi ya Planet49, ikasema tiki iliyowekwa kabla si ridhaa. Wakahamia mbinu nyingine: kukubali mbofyo mmoja, kukataa unapelekwa chumba cha tatu. Januari 2022 Wafaransa, tume yao ya ulinzi wa data, CNIL, wakatangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook kwa sababu hiyo hasa. Ndipo kitufe cha kukataa kikaanza kuletwa mbele.

Sasa nilipokuja likizo Wete, nikafungua tovuti moja ya Kimarekani niliyoizoea. Kibao hakuna. Kuki zimeshuka zote kimya kimya. Mtu yule yule, simu ile ile, tofauti ni laini ya simu tu.

Kitunguu Saumu

Kwani sisi sheria hatuna?

Mpemba wa Rotterdam

Mnayo. Bara na visiwani kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Kenya wana yao ya 2019 na kamishna wake. Tovuti nyingi za nyumbani zinaendelea kama hazijasikia. Kuna iliyonakili kibao cha Ulaya neno kwa neno, kitufe ni kimoja tu: Sawa.

Kijana wa Kihesa

Mimi natumia hali fiche, ile incognito ya brauza, sina presha.

Fundi Wavuti

Dogo, hali fiche inamficha anayeshika simu yako baadaye. Kuki zinafutwa ukifunga madirisha yote, sawa, lakini ukiwa humo tovuti inakuona na mtandao wako unakuona. Google walishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa watu kudhani ni zaidi ya hapo, na mwaka 2024 wakakubali kufuta rundo la data na kurekebisha maelezo yake.

La maana ni kuzuia kuki za watu wa tatu, zile zisizo za tovuti uliyoifungua. Safari, brauza ya Apple, inazizuia zote tangu 2020, Firefox imezitenga kila moja na tovuti yake tangu 2022. Chrome, ambayo ndiyo wengi wenu mnayo, Google waliahidi mwaka huo huo wa 2020 wataziondoa, wakaahirisha, wakaahirisha tena, Julai 2024 wakasema basi zibaki. Kwa hiyo zima mwenyewe: mipangilio, mipangilio ya tovuti, kuki za washirika wengine, zuia. Kwenye Android ingia pia mipangilio ya simu, Google, matangazo, ufute kitambulisho cha matangazo, kwa sababu programu hazitumii kuki, zinatumia hicho.

Ila msifute kuki zote kila saa. Zilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli pale Netscape, kampuni ya brauza ya enzi hizo, kwa sababu duka la mtandaoni lilikuwa linasahau kikapu cha mteja. Bila hizo hata kuingia humu kuandika usingeweza.

Mama Vitenge

Asante fundi kwa kutuachia kikapu.

Kijana wa Kihesa

Nimeelewa. Kuna makala nimeikuta Facebook inaeleza vizuri, nawawekea. Mbona linki yenyewe ndefu hivi, ina fbclid na herufi zisizoeleweka?

Fundi Wavuti

Usiiweke hivyo. Huo mkia Facebook wameuongeza ulipobofya, ndiyo njia ya kukufuata hata kuki zikizuiwa. Kata kuanzia alama ya kuuliza iliyo kabla ya fbclid, hadi mwisho.

Kijana wa Kihesa

Itafunguka lakini?

Fundi Wavuti

Inafunguka vizuri tu.