Kinyama cha mama kimepotea maabara, halafu eti mnafungua benki ya sampuli za saratani??

Wakuu habari za jioni, nina hasira mnisamehe.

Mwaka juzi mama alikatwa kipande kidogo cha nyama cha kupimwa, ndo hicho kinyama, kwenye koo la chakula, hospitali moja kubwa tu sitaitaja. Kinyama nikakabidhiwa mimi mkononi, kikopo cha plastiki kina fomalini, dawa ya kuzuia kisioze, jina limeandikwa kwa peni juu ya plasta, "kaka peleka maabara ile ya nyuma". Nikapeleka, nikalipia, wiki sita ndo majibu, saratani. Haya tukaanza matibabu. Sasa mwezi uliopita daktari mwingine kataka ile bloku, yani kile kipande walichokizamisha kwenye nta, kipimwe upya. Nimezungushwa siku nne! mara dirisha namba 3, mara rejista ya mwaka ule iko stoo, mara mwenye funguo kaenda likizo, mwisho dada mmoja ananijibu bila hata kuniangalia, "haionekani, mtamkata tena". Mumkate nani tena? Mama ana kilo 38, maji anameza kwa shida.

Na bloku ya nta haili hata umeme jamani. Inakaa kwenye droo miaka na miaka, inachotaka ni namba tu na mtu wa kuiandika. Hapohapo ukutani wamebandika tangazo la benki ya sampuli, yani stoo ya kutunzia vinyama vya wagonjwa kwa ajili ya utafiti, friza za nyuzi 80 chini ya sifuri, RNA sijui nini. Umeme ukikatika usiku na jenereta halina dizeli hizo si zitayeyuka zote? Droo imewashinda wataweza friza!

Na fomu ya ridhaa sasa, mama kasainishwa asubuhi ya kipimo, njaa tangu jana yake, kurasa nne za Kiingereza na yeye ni wa darasa la saba. Ukiuliza hivyo vinyama vinaenda wapi unaonekana mjuaji. Vinyama vya uvimbe wa taya vya watoto wa Uganda vilipandishwa ndege Kampala mpaka London, 1964 kikaonekana kirusi, kikapewa majina ya watafiti wake, Epstein na Barr. Utafiti sipingi, hii saratani ya koo imetumaliza kuanzia Ethiopia mpaka Malawi, ila kwanza nitunzie cha mama yangu.

Mtu wa patholojia, yani maabara ya kupima vinyama, humu anisaidie, rejista za bloku kisheria zinatunzwa miaka mingapi? Na barua naiandika kwa nani, mganga mkuu au wizarani moja kwa moja? Jumatatu narudi pale dirisha namba 3.