Eti nikitoka kwenye ujasusi nibadili jina? Wachapishaji mnatuchosha!

Wakuu, heshima kwenu.

Leo naandika kwa hasira, mtanivumilia. Wanaonifuatilia humu wanajua mimi ni mtu wa riwaya za kijasusi: risasi, mabomu, mrembo anayegeuka adui sura ya mwisho. Safari hii nimeandika ya mjane anayegombania nyumba na mashemeji. Hakuna hata bastola. Mchapishaji (simtaji) kaisoma, kaipenda, halafu ananiambia: "Hii itafutie jina jingine, wasomaji wako watachanganyikiwa."

Wachanganywe na nini? Marehemu Kezilahabi alitoa Rosa Mistika 1971, mashairi ya Kichomi 1974, kisha akaja na Nagona 1990 na Mzingile mwaka uliofuata, vitabu ambavyo hata walimu wa fasihi huvisoma wakijikuna kichwa. Majalada yote, jina lile lile. Said Ahmed Mohamed naye: riwaya, tamthilia, mashairi, hadithi fupi. Nani alipotea njia?

Ananijibu eti mbona J.K. Rowling, yule mama wa Harry Potter, alijiita Robert Galbraith alipotoa riwaya ya upelelezi. Sawa, 2013. Amesahau kwamba siri ilipovuja Julai ndipo kitabu kikaanza kugombaniwa! Kilichouza ni lile jina kubwa. Na yule mama hata asiponunuliwa nakala moja, halali njaa. Mimi nauza vipande WhatsApp, sehemu moja buku. Nikibadili jina naanza na kundi tupu. Halafu mteja akituma hela kwenye simu, si linatokea jina langu la kitambulisho? Siri gani hiyo!

Lakabu siikatai. Kuna anayeandika mambo yatakayomfukuzisha kazi, kuna dada anaandika ya chumbani na mama mkwe yumo kundini. Hao wajifiche, wana sababu. Mimi nijifiche kwa kosa gani, kuandika habari za mjane?

Na nyie mnaokuja inboksi na "kaka rudi kwenye risasi", mmechangia. Mkipewa kile kile kila mwaka mnasema mwandishi kaishiwa. Akibadilisha, mnanuna. Mnataka nini hasa?

Sehemu ya kwanza naitoa Ijumaa, kwa jina langu hili hili. Mchapishaji akibadili mawazo, namba yangu anayo.