Pete ya ndoa haipandi kidoleni, mke anasema naivua makusudi. Naombeni ushauri

Mgebuka Mkavu: Wakuu, habari za usiku. Niko hapa Kigoma mjini, miaka 38, mke mmoja, watoto watatu. Pete ya ndoa imegoma kupanda kidoleni, nimejaribu kwa sabuni mpaka ngozi ikachubuka. Mke anasema naivua nikienda mwaloni Kibirizi kufuata dagaa. Nimwite mshenga au ninunue pete nyingine kimyakimya? Matusi hapana.

Bwana Mawese: Yangu ilizama ziwani 2011. Pete iko chini huko, mke yuko Kasulu kwa mume mwingine. Kunywa maji ulale.

Mama Wawili: Wanaume wa mwaloni nawajua. Wangu pia ilikuwa "haipandi", kumbe ana mtoto Uvira.

Nesi Mstaafu: Mdogo wangu, weka pete pembeni. Kiatu unavaa namba ngapi, na ulipooa ulivaa ngapi? Unakoroma?

Mgebuka Mkavu: Shikamoo dada. Nilioa na 42, sasa 45. Kwa kukoroma, mke kahamia kwa watoto. Jasho nalo hata alfajiri. Lakini mimi nimeuliza habari ya pete.

Fundi Reli: CHAI. Mtu wa miaka 38 anaota miguu? Weka picha au funga uzi.

Nesi Mstaafu: Si chai. Chini ya ubongo kuna kitezi kama punje ya harage, pituitari. Kikiota uvimbe unaomwaga homoni ya ukuaji, ini nalo linatoa IGF-1, homoni nyingine ya kukuza mwili, kupita kiasi. Kwa mtoto mifupa inarefuka. Kwa mtu mzima imeshafunga, hivyo inanenepa: vidole, taya, nyayo. Homoni yenyewe hutoka kwa vipindi, kipimo kimoja cha kubahatisha kinadanganya. Hupimwa IGF-1, halafu unanyweshwa glukosi gramu 75: kwa asiyeumwa homoni ya ukuaji inashuka, kwa mwenye uvimbe inagoma. Sasa sema ukweli, umeshapima?

Mgebuka Mkavu: ...Machi nilipiga MRI Mwanza. Uvimbe milimita 14. Mke hajui. Na kifua nikikibana kinatoa kama maziwa, ndiyo maana navaa fulana mbili. Mwanaume utaanzia wapi kumwambia mkeo hilo? Kuna mtaalamu wa mitishamba Mwandiga, kachukua laki nne, imebaki dozi moja. Siwezi kuacha katikati.

Bwana Mawese: Laki nne! Hapo umepigwa.

Fundi Reli: Haya, chai imeingia maziwa sasa 😂

Nesi Mstaafu: Cheka tu. Baadhi ya uvimbe huo humwaga na prolaktini, homoni ya kutoa maziwa, ndiyo hayo yako, na hamu ya tendo nayo hupotea. Mgebuka, wa pembeni unawaona bila kugeuza shingo?

Mgebuka Mkavu: Juzi nilimparamia mwenye baiskeli ya mawese, alitokea kushoto. Nikasingizia giza.

Nesi Mstaafu: Ilikuwa saa ngapi?

Mgebuka Mkavu: Saa kumi jioni.

Nesi Mstaafu: Huo uvimbe unaweza kuwa umeanza kubana mishipa ya macho. Panda gari uende Dar. MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, wanautoa kupitia puani. Usingoje dozi ya mtu.

Mama Wawili: Na mkeo mwonyeshe hicho kifua. Mimi ningelia, ila ya mwaloni ningeyasahau.

Mgebuka Mkavu: Nimewasoma. Mke nitamwambia leo, akishalaza watoto. Ila dozi ni Jumatano, na hela imeshatoka. Hiyo niachieni.