Watoto wa darasa la kwanza wamesambaza kwamba nimefungwa, nifanyeje?

Mwl_Subira
Jamani naombeni ushauri, hili jambo linaninyima usingizi. Nafundisha darasa la kwanza, wiki tatu zilizopita nilianguka nikavunjika mkono nikakaa nyumbani siku nne. Mwenzangu aliyenishikia darasa akawaambia watoto "mwalimu wenu haji, amefungwa hogo". Sasa mtoto wa miaka sita hogo halijui ila amefungwa analijua, wakaenda nalo nyumbani hivohivo, mwalimu amefungwa. Mzazi anauliza kafungwa kwa kosa gani, mtoto hajui ila kaulizwa na mtu mzima anaona lazima ajibu, mmoja akasema ameiba, mwingine eti alimpiga mtu. Nimerudi, mzazi mmoja getini kamvuta mwanae pembeni asinisalimie. Na watoto wenyewe wananipenda, mmoja kaja kaligusa hogo kwa kidole akaniuliza taratibuu, mwalimu, hii wamekuwekea huko jela? Mwalimu mkuu anajua ukweli lakini kwenye grupu la wazazi bado panachemka.

MamaMapacha
Pole sana mwalimu. Mimi ni mzazi na nasema wazi, watoto wanaleta neno moja, wanaolisambaza ni sisi. Wangu alikuja akaniambia madam hatutaki tena na analia, nikawapigia wazazi watatu kabla hata sijamaliza kumsikiliza. Kumbe madam alikuwa na mafua makali macho yanatoka machozi, akawaambia msinisogelee nisije nikawaambukiza. Nilienda kumwomba radhi, ila wale watatu walishawaambia wengine na hao sikuweza kuwafikia wote, inaniuma mpaka leo.

Kalamu_Nyekundu
Hapo kwenye kuulizwa "kosa gani" ndo penyewe. Mwaka 2006 mtafiti Gabrielle Principe na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wa chekechea, mtu wa mazingaombwe alijaribu kumtoa sungura kwenye kofia akashindwa, halafu baadhi ya watoto wakawasikia watu wazima wakisema sungura katoroka yuko humo humo shuleni anakula karoti. Hawakumuona, wamesikia tu, wakawaambia wenzao. Walipokuja kuhojiwa baadae wengi wakasema katoroka kweli, na wapo waliosema wamemuona kwa macho yao! Na hawakuwa wanadanganya, mtoto mdogo anakumbuka jambo lakini hakumbuki kalitoa wapi, aliloliona na aliloambiwa vyote viko chungu kimoja. Ukimuuliza "mwalimu alimpiga nani" ushampa nusu ya jibu. Muulize tu "nini kilitokea?" alafu nyamaza.

Baba_K
Naunga mkono ila wazazi msije mkaanza kupuuza kila anachosema mtoto. Akisema mwalimu kamuumiza au kamshika vibaya msikilize, usimhoji mara kumi, andika maneno yake kama alivyoyasema na upeleke kwa wanaohusika. Kesi ya McMartin, shule ya chekechea kule California ambayo walimu wake walituhumiwa kuwadhalilisha watoto, ilianza 1983, watoto wakahojiwa kwa maswali ya kuwaongoza, imefika 1990 imeisha bila mtu hata mmoja kutiwa hatiani. Mahojiano ya namna ile yanammaliza mwalimu asiye na kosa, na kama kuna mtoto aliyeumizwa kweli, naye haaminiki tena.

ChakiMkononi
Mwl Subira nina miaka mingi kwenye madarasa ya chini, usianze na grupu, anza na watoto. Waoneshe hogo, waambie ulivyoanguka, kisha waulize nini na nini hufungwa. Watakutajia mlango, kamba za viatu, goli, wenyewe watafika kwenye mkono. Halafu mwalimu mkuu awaandikie wazazi mistari miwili tu, mwalimu alivunjika mkono amerudi kazini. Habari za jela asizitaje kabisa, akizikanusha tu hata asiyezijua atazijua.

Mwl_Subira
Ahsanteni sana, leo nimefanya. Walitaja mpaka mfuko wa sukari, kuna mmoja akasema timu ya kaka yake ilifungwa na haikupelekwa jela, wenzake wakanyamaza kidogo wakaanza kuniangalia mkono. Barua imetoka mchana. Yule mzazi wa getini hajaniomba radhi ila kaniuliza mkono unaendeleaje, kwangu inatosha. Nimewaachia wachore kwenye hogo kwa kalamu za rangi, yule aliyeniuliza habari za jela kachora ufunguo, anasema ni wa kufungulia mkono.