Plasta imeng'oka na ngozi ya mgonjwa, kesho niko zamu naye tena

Muuguzi_Mpya
Shikamooni wakubwa. Nina miezi 4 tu kazini. Wodini tuna mama wa makamo mwenye pemfigasi, ule ugonjwa wa malengelenge ya ngozi, malengelenge yamemjaa mgongoni, kifuani na mdomoni. Juzi nilimbadilishia kanula, ule mrija wa dripu. Nikabandua plasta kama nilivyozoea, ikaja na ngozi, kipande kama kiganja changu. Ukelele alioupiga bado nausikia. Tangu hapo akiniona na toroli ya vidonda anageukia ukutani, anaomba aitiwe "yule mwingine". Mtu ambaye kila ukimgusa anachubuka, unamshika wapi?

Sista_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Pole, na mama huyo pole zaidi. Kinga yake ya mwili inashambulia kile kinachoshikanisha seli za ngozi ya juu, ndiyo maana ngozi inateleza hata kwa kusuguliwa kidogo. Kwake plasta ni marufuku. Liandike hilo kwenye faili kwa herufi kubwa, maana wa usiku hajui ulichokiona mchana. Kanula ifunge kwa bandeji laini. Mkono wa kupima presha uviringishie kitambaa kwanza. Kumgeuza, msimburute, mnyanyueni kwa shuka mkiwa wawili au watatu.

Kufunga vidonda: dawa ya maumivu impate mapema, nusu saa hadi saa nzima kabla, siyo baada ya kulia. Shashi iliyoganda imwagie maji ya chumvi ya vuguvugu na usubiri. Ukijikuta unavuta, haijaloa. Mafuta mazito ya petroli, yale ya kupaka kama Vaseline, paka kwenye bandeji isiyonata, usimsugue nayo mwilini. Lengelenge kubwa lililojaa, mkikubaliana na daktari, litoboe kwa sindano safi upande wa chini maji yatoke, lakini ngozi ya juu iache palepale. Hakuna bandeji inayoishinda.

Na usimfunue mwili mzima kwa pamoja, anapoteza joto na maji. Mimi nilikuwa namaliza mguu mmoja, nafunika, ndipo naenda wa pili. Wenzangu walininunia eti nachelewesha zamu. Nikawaacha wanune.

Zamu_ya_Usiku
Kama yuko kwenye dozi kubwa ya steroidi, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, usingoje homa ndipo useme kuna maambukizi, dawa hiyo huificha. Angalia usaha, harufu, maumivu yaliyozidi. Sukari nayo ipimwe.

Nililala_Kitanda_cha_Dirishani
Mimi si mtaalamu, nililazwa wiki 7 kwa ugonjwa wa jamii hiyohiyo. Muuguzi mmoja aliniambia, "Ukisema simama, nasimama." Nilisema mara moja tu, kumjaribu. Akasimama kweli. Baada ya hapo nilivumilia mengi.

Halafu glavu. Kwenye vidonda vaa, sawa. Lakini kuna aliyekuwa akinipa kikombe cha maji na glavu mikononi, anakisukuma kwa ncha za vidole. Ugonjwa wenyewe hauambukizi! Kikombe kile kiliniuma kuliko shashi.

Muuguzi_Mpya
Nimerudi. Nilimwomba radhi kabla sijagusa toroli. Akauliza, "Plasta iko wapi?" Nikamgeuzia mifuko ya koti, mitupu. Hakucheka, ila alinipa mkono. Tulitumia saa 1 na dakika 40, na alisema simama mara 6. Shashi ya bega la kushoto iligoma kabisa, nikaiacha imelowa hadi mchana, mwenzangu akaitoa bila kuvuta. Sista, shuka zimelowa mafuta yale ya petroli, kuna ubaya?

Sista_Mstaafu
Upo. Kitambaa kilichonyonya mafuta hayo kinashika moto upesi, na kufua hakuyamalizi yote. Badilisheni shuka mara kwa mara, na asisogelewe na sigara wala mshumaa. Waambie na ndugu zake, hasa wakati wa kuruhusiwa. Bega ulifanya vyema kuliacha.