Mafundi wa Mtwara, acheni kutuuzia boba zenye fremu ya bomba la dirisha

Wakuu,

Hili la boba, pikipiki iliyokatwa mkia na kuachiwa siti ya mtu mmoja, limezidi. Msimu wa korosho ukifika, kila mwenye Boxer au TVS anaitaka, na kila mwenye grenda na mashine ya kuchomelea ni fundi wa boba. Madigadi inakatwa, siti ndefu inatupwa, mkia wa fremu unaondolewa, kinafungwa kigodoro cha mtu mmoja, picha zinarushwa. Kilichofichwa na rangi hakuna anayekiuliza.

Ubovu uko kwenye kile kibomba cha nusu duara kinachofunga mkia wa fremu. Mnaweka bomba la milimita 1.2, lile lile la madirisha na vitanda! Ukiweka moto unaotosha fremu, bomba jembamba linatoboka. Ukiupunguza, mshono unakaa juu juu, haujaingia popote. Wengine wanachukua bomba la maji lenye zinki bila hata kulisaga: moshi mweupe wa sumu kwa fundi, matundu ndani ya mshono kwa mteja. Halafu linaloudhi kuliko yote, mshono unasagwa hadi ulingane na bomba, unapakwa puti, rangi nyeusi juu. Nyama iliyokuwa inashika imeondolewa kwa ajili ya picha!

Kazi yenyewe si siri. Kata nyuma ya kishikio cha juu cha shokapu, kamwe si mbele yake. Tumia bomba la chuma cheusi, kipenyo kile kile cha fremu, unene usipungue milimita 2. Ndani ya kiungo ingiza kipande cha bomba kinachobana, sentimita 5 kila upande, kisha toboa bomba la nje mashimo ya milimita 8 na uchomelee kupitia humo. Ncha zikatwe mshazari, ziachane milimita 2. Rodi ya milimita 2.5, ampea 70 hadi 90, na shikiza pointi nne kwa kupishana kwanza, la sivyo joto linakivuta kibomba upande mmoja. Betri na CDI (kile kisanduku kinachoongoza cheche ya plagi) zitolewe kabisa. Ethi, kile kibano cha waya wa pili wa mashine, ibanwe karibu na mshono. Ukiibana kwenye gurudumu, umeme unapita kwenye beringi na kuzila.

Madigadi nayo mnaipima pikipiki ikiwa imesimama tupu! Toa shokapu zote mbili, inua gurudumu hadi mwisho wa njia yake, ndipo uache angalau sentimita 2.5 kati ya tairi na madigadi. Bila hivyo, shimo la kwanza njia ya Newala tairi linaikwangua.

Na huku kwetu, Shangani hadi Mikindani, hewa ni chumvi. Bomba lililoachwa wazi ncha linaoza kutokea ndani. Zibeni, mpige praima, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo, si wiki ijayo mteja akimalizia pesa. Namba ya chesisi msiiguse wala kuifunika kwa puti.

Wateja, daini kipande cha fremu kilichokatwa, mkilinganishe unene na bomba jipya kabla halijachomelewa. Wenye boba tayari, fungueni siti muangalie pembeni mwa mshono. Nyufa huanzia hapo: mstari mwembamba kama unywele, kutu ya kahawia ikichuruzika juu ya rangi. Ukiuona, usiipande hata hadi sokoni. Irudishe kwa aliyeichomelea, ikatwe ianzwe upya kwa gharama yake.