Eti "kadungwa", "kapachikwa", "kanasa"... hivi mjamzito ni mtu au ni ndoo?

Jamani nani alituroga kwenye hili la mimba? Nina miezi sita sasa na nishasikia yote. Kadungwa. Kapachikwa. Kajazwa. Kanasa, kama panya! Leo asubuhi nipo zangu nasubiri mashine ya fotokopi kazini, kaka mmoja tunafanya nae kazi anaingia, hata salamu hakuna, macho moja kwa moja tumboni, "naona kibendi hicho, jamaa kafunga goli eeh", wenzake wakagongeana mikono. Hongera ikamwendea mume wangu ambaye hata hayupo, mimi nimesimama pale miguu imevimba mpaka viatu nimevikanyaga kisigino kama ndala.

Hebu viangalieni hivyo vitenzi. Karibu vyote anatendwa, kuna mtu kaja kajaza kaondoka zake. Wakati huku ndani damu inaongezeka kwa karibu nusu ya ile niliyoanza nayo, moyo unasukuma usiku na mchana, kondo limeota kutoka patupu, halafu eti mimi nimedungwa tu basi. Na akiwa hajaolewa ndo balaa kabisa, inakuwa kabebeshwa, aliyembebesha anaitwa kidume.

Kinachoniuma zaidi Kiswahili chenyewe hakikukosa maneno. Bibi zetu wanasema kashika mimba, kabeba mimba, mwisho wa siku kajifungua, yaani mwenyewe anashika, mwenyewe anabeba na mwenyewe anajifungua, wala hakuna aliyekuja kumfungua (najua kutiwa mimba nako kupo toka enzi, msinirukie). Hata mjamzito ukilikata ni mja, yaani binadamu, ila kawa mzito. Mama kijacho sina ugomvi nalo kabisa, mkiniita hivyo nageuka natabasamu.

Najua kuna watu washaanza kuandika "dada punguza hasira ni homoni hizo", haya andikeni, hasira nilikuwa nazo toka kabla ya mimba.

Na wewe shoga yangu unayeniuliza kila siku mzigo unashuka lini, mzigo unashuka kwenye lori. Halafu toa mkono tumboni kwangu, sijakuomba unipapase.